Nilimwita Ndege wa Mama kwa Spika

Mama yangu aligoma kuhamia kwa kaka kwa sababu ya ndege.

Usicheke kwanza. Mimi nilicheka, na yaliyonipata ndiyo haya ninayokusimulia.

Na wala si ndege wa kufuga. Angekuwa kuku ningeelewa, kuku ana mayai. Huyu ni ndege wa bure tu, wa mitini, anakuja nyuma ya jiko la mama asubuhi, anaimba, anaondoka zake.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiirukia hii habari katikati utaniona chizi.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye ile nyumba tuliyozaliwa. Watoto tuko wawili. Kaka yangu mkubwa ni mtu wa bima. Anavaa tai hata akienda kununua mkate. Ana nyumba nzuri ya ghorofa mji mwingine, safari ya kutwa nzima.

Mimi ni fundi mitambo. Ukiwa harusini muziki ukakutikisa kifua, ujue ni mimi. Ukisikia mtu anasema "cheki, cheki, moja mbili" mpaka bibi harusi ananuna, pia ni mimi.

Spika zangu naziweka stoo kwa mama. Naingia na kutoka pale kila siku, kwa hiyo nilikuwa najiamini kwamba hakuna kinachotokea kwenye ile nyumba nisikijue. Thubutu!

Siku hiyo kaka akanipigia. Kaka hapigi simu kuongea, anapiga kutangaza.

"Mdogo wangu, mama anakuja kukaa kwangu. Chumba kiko tayari, nimeweka mpaka kapeti. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Wewe kazi yako moja tu, mwandae."

"Kwani ameshakubali?"

"Mwandae," akarudia, akakata.

Basi nikaenda kumwandaa. Nilimkuta jikoni, sinia mapajani, anachambua mchele. Nikaanza kulisifia kapeti ambalo sijawahi kuliona. Nikasifia hewa ya kule, maji ya kule, na wajukuu watakaokuwa wanamkanda miguu. Wale wajukuu nawafahamu, hata sahani zao hawaoshi, lakini siku hiyo niliwapamba mpaka wakawa malaika.

Mama alinisikiliza mpaka nikakaukiwa mate.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini tena, mama?"

"Nani atamjibu ndege wangu?"

Nikacheka. Mama hakucheka, akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

"Ndege gani, mama?"

"Kuna ndege anakuja hapo nyuma asubuhi. Nikimpigia mluzi ananijibu. Akianza yeye, namjibu. Tumeshazoeana. Sasa nikiondoka, akipiga mluzi nani atamjibu? Wewe unayeamka jua likiwa utosini?"

"Mama, wewe unapiga mluzi?"

Akaninyanyulia macho. "Kwani mluzi unaombewa leseni?"

Jamani, huyu ni mama yuleyule aliyekuwa anatufinya masikio tukipiga mluzi ndani ya nyumba! Nikatoka pale kichwa kinanizunguka, nikampigia kaka.

Kaka akaweka ile sauti yake ya kazini, ya kumweleza mteja kwamba gari lake halilipwi.

"Ndivyo inavyoanza," akasema. "Leo ndege anamjibu. Kesho atatuambia mbuzi wa jirani kamsalimia. Unaona sasa kwa nini hafai kukaa peke yake?"

Hapo utani wote ukaniisha. Mama yangu mimi, anayejua bei ya kila kitu sokoni kwa kichwa, ndiyo akili imeanza kumtoka hivi? Niliogopa kweli. Usiku ule nililala kwa mama, kwenye chumba changu cha zamani, miguu ikining'inia nje ya kile kitanda cha utotoni.

Asubuhi nikamsikia.

Na nikwambie kitu, masikio ndiyo yananilisha mimi. Naweza kukaa nje ya ukumbi nikakwambia spika ipi imechoka. Lakini ule wimbo sijawahi kuusikia popote.

Ulianza kwa kupanda: fiu, fiu, fiiii! Safi kabisa, kama filimbi. Ukanyamaza kidogo. Halafu ukashuka: fyu, fyu, fwiiissss.

Ule mwisho ulikuwa unavuja hewa. Kama mtu amebonyeza valvu ya tairi la baiskeli.

Nikachungulia dirishani. Juu ya mpera palikuwa na kandege kadogo, kifua rangi ya chungwa, mgongo wa kijivu, na mstari mweupe juu ya jicho kama kametengenezwa nyusi saluni. Kakafungua mdomo: fiu, fiu, fiiii... fyu, fyu, fwiiissss.

Kumbe ndege yupo! Nilishukuru Mungu kwa sauti. Mama yangu ni mzima, akili timamu, ndege yupo na anaimba.

"Mama, nimemwona!" nikapiga kelele. "Mbona humjibu?"

"Leo hapana," akanijibu kutoka jikoni. "Mbele ya wageni anaona haya."

Sikulitilia maanani lile neno. Akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwingine.

Nikawaza hivi. Kama mama hataki kuhama kwa sababu ya ndege, basi tumjue huyu ndege ni nani. Akiwa ndege wa kawaida, ina maana hata kwa kaka yupo. Mama atahama, atamkuta mwenzake kule kule, wapigiane miluzi mpaka wachoke. Na akiwa ndege adimu, basi tutajua cha kufanya.

Nilijiona nina akili sana. Hata kaka aliikubali hoja. "Mtambue huyo ndege," akasema, "mimi mwisho wa mwezi nakuja na maboksi."

Nikajaribu kumpiga picha, ikatoka picha ya jani. Nikaachana na picha. Nikafunga maiki yangu nzuri kwenye ufagio, nikaitoa dirishani, asubuhi iliyofuata nikamrekodi vizuri kabisa.

Hapo ndipo nikasikia: "Wewe! Unarekodi nini sssaa hizi?"

Refa.

Lazima nikueleze kuhusu Refa, maana ndiye adui yangu pale mtaani. Ni mzee jirani, nyumba yake imepakana na ya mama kwa uzio wa mbao. Enzi zake alikuwa mwamuzi wa mpira. Siku moja shuti likamkuta mdomoni, likaondoka na jino la mbele. Akawekewa la bandia, na halijawahi kumkaa vizuri. Mke wake alishatangulia mbele za haki, watoto wako mbali, na yeye kabaki na mchicha wake na kelele za kulalamika kuhusu kelele zangu.

Kila nikijaribu spika, Refa anapanda juu ya ndoo upande wake wa uzio, anachomoa kadi ya njano mfuko wa shati, ananionyesha. Kadi kweli, ile ya uwanjani! Nishaonyeshwa njano mpaka zimepoteza maana. Nyekundu nayo nishaonyeshwa, mbele ya wateja wangu.

Kwa hiyo mimi na yeye shikamoo ilishakufa zamani.

"Narekodi ndege!" nikamjibu.

Refa, hutaamini, akashuka kwenye ndoo bila kutoa kadi. Nikajua leo nimemweza.

Ule wimbo nikamtumia mama mmoja mwalimu wa chuo, tunamwita Daktari wa Ndege. Niliwahi kufunga mitambo kwenye mahafali yao, ndiko nilikopata namba yake. Hata chai sijamaliza, simu ikaita.

"Fundi, hii umeirekodi wapi?" Sauti inamtetemeka.

"Nyuma ya jiko la mama."

"Umbo lake likoje?"

Nikamweleza kifua cha chungwa na nyusi za saluni.

"Huyo ni kurumbiza," akasema. "Wapo tele kila mahali. Lakini kurumbiza ni mwigaji. Anasikia wimbo wa mwingine, anauchukua unakuwa wake. Sasa huu kauchukua kwa nani? Hasa ule mwisho wa kuvuja hewa. Nimesikiliza ndege maisha yangu yote, sijawahi kukutana nao. Fundi, hapo kwa mama yako kuna ndege mwingine amejificha, na huyo ndiye mwenye wimbo!"

Tayari nikajiona kwenye televisheni, nimekaa pembeni ya mpera nahojiwa.

"Tunampataje?"

"Ukisikiliza vizuri, wimbo una nusu mbili. Nusu ya kwanza inaita, nusu ya pili inajibu. Nadhani anayeita ni jike na anayejibu ni dume. Tutapiga ile nusu ya kwanza peke yake. Kama dume yuko karibu, akisikia anaitwa hatavumilia. Atakuja mwenyewe. Una spika ndogo?"

Ananiuliza mimi kama nina spika!

Tukapanga siku. Bahati mbaya au nzuri, ikaangukia siku ileile aliyofika kaka na maboksi yake, tai shingoni, gundi ya karatasi mkononi. Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Alituaga vizuri tu, ila hakuyaangalia yale maboksi hata kidogo, na mimi niliona jinsi alivyoyakwepa. Roho iliniuma. Nikajipa moyo kwamba tukimjua huyu ndege, mama ataondoka akiwa na amani.

Daktari wa Ndege akafika na darubini yake, kofia, na viatu vya kutembelea matopeni. Akatukagua.

"Hiyo tai inang'aa," akamwambia kaka. "Itamtisha ndege."

Kaka akavua tai! Sijui kama hata mkewe amewahi kuiona ile shingo mchana.

Tukachuchumaa nyuma ya kichaka cha maua, watatu, tumebanana. Mimi nilikuwa nimeshusha spika za harusi, zile za besi. Daktari aliziangalia akatikisa kichwa.

"Sauti ndogo, fundi. Tafadhali sana."

Nikapiga ile nusu ya kwanza. Fiu, fiu, fiiii!

Mtaa mzima ukatulia. Sawa, haikuwa ndogo sana.

Kaka akataka kusema kitu, Daktari akamziba mdomo kwa kiganja.

Halafu, kutoka upande wa uzio, tukasikia: fyu, fyu, fwiiissss.

Daktari wa Ndege alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Ana machozi machoni, nakuapia. "Ndiye huyo," ananong'ona. "Mungu wangu, ndiye huyo. Piga tena."

Nikapiga tena. Jibu likaja, safari hii karibu zaidi. Fyu, fyu, fwiiissss! Majani yakacheza. Kitu kinatembea chini, kizito.

"Anatembea ardhini," Daktari akanong'ona. "Ni mkubwa kuliko nilivyodhani."

"Mkubwa kiasi gani?" kaka akauliza kwa woga.

Nikapiga mara ya mwisho.

Ubao mmoja wa uzio ukasogea pembeni. Haukuvunjika, ulisogea taratibu kwa msumari mmoja wa juu, kama mlango uliozoea kufunguliwa. Na kwenye ule uwazi akapenya Refa.

Shati limepigwa pasi. Nywele zimechanwa na maji. Mkono mmoja chupa ya chai, mkono wa pili vikombe viwili. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vile, unacheka wenyewe.

"Nimesssikia umeniita," akasema kwa sauti laini.

Halafu akatuona. Watu wazima watatu nyuma ya maua, mmoja kamwelekezea darubini usoni.

Refa akaitazama chupa yake ya chai kama vile hajui imefikaje mkononi.

Aliyezinduka wa kwanza ni Daktari wa Ndege. Akasimama, akajipangusa magoti, akamsogelea Refa kwa heshima zote.

"Mzee, shikamoo. Samahani sana. Unaweza kupiga tena ule mluzi?"

Refa akapiga. Fyu, fyu, fwiiissss. Ile hewa ya mwisho ikapita pembeni ya lile jino.

Daktari akageuka kwetu, furaha na msiba vimemjaa usoni kwa pamoja. "Ndiye mwenye wimbo," akasema. "Kurumbiza ameuchukua kwake."

Na mimi, fundi wa masikio, ninayejua spika iliyochoka nikiwa nje ya ukumbi! Lile jino limenipigia kelele kila siku, nimeshindwa kulitambua kwa sababu lilikuwa mdomoni mwa mtu nisiyempenda.

Kaka ndiyo kwanza alikuwa anajumlisha hesabu zake. "Sasa subirini. Kama hii nusu ya pili ni ya huyu mzee, ile nusu ya kwanza ni ya nani?"

Fiu, fiu, fiiii!

Tukageuka wote. Mama amesimama mlango wa nyuma, kikapu cha dukani mkononi, midomo bado imechongoka. Wala hakuwa na aibu.

"Mmemaliza kumtambua ndege wangu?" akauliza.

Kaka akakaa chini, juu ya spika yangu. Nilimwacha.

"Mama," akasema, "hii imeanza lini?"

Mama akaweka kikapu. "Mwanzoni nilidhani ni ndege kweli. Naosha vyombo, nasikia fyu fyu hapo mperani. Nikajaribu kumjibu, nikapata jibu. Nikafurahi, maana toka baba yenu aondoke, asubuhi hakukuwa na wa kunijibu chochote."

"Na mimi nilidhani ni ndege," Refa akadakia, haraka haraka. "Namwagilia mchicha, napiga mluzi wangu tu. Nasssikia najibiwa huku. Nikasssema, huyu ndege ana akili huyu!"

"Kumbe ndege mwenyewe yuko katikati," mama akasema, "anachukua huku anapeleka kule. Mpaka siku moja kila mmoja akapanda juu ya ndoo amwone, tukaonana sisi."

Daktari wa Ndege alikuwa ameweka mikono kifuani. "Kurumbiza kawa mshenga," akasema.

"Basi ungetuambia, mama!" kaka akaja juu. "Ningejua nisingenunua kapeti!"

Mama akamwangalia. Hakupandisha sauti, lakini kaka alinyooka pale alipokaa.

"Uliniambia chumba kiko tayari. Ukaniambia siku ya kuhama. Ukamtuma mdogo wako aje aniandae. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nataka kuhama. Nilipowaambia kuna ndege, mkadhani akili imenitoka. Je, ningewaambia ni mtu?"

Nikwambie ukweli, pale nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mimi tena, mdomo haunikai. Nikajaribu kuokoa ile hoja yangu.

"Lakini mama, Daktari kasema kurumbiza wapo kila mahali. Hata kwa kaka wapo."

"Kurumbiza wapo," mama akasema. "Na huyu je?"

Akamnyooshea kidole Refa, na jino lake, na chupa yake ya chai.

Mama akamsogelea Refa, akatia mkono kwenye mfuko wa shati lake bila kuangalia, kama anavyotia mkono kwenye kabati lake mwenyewe. Akatoa kadi nyekundu. Akatembea mpaka kwenye maboksi ya kaka, akayaonyesha kadi, moja moja.

Refa ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Daktari. Mwishowe kaka, mtu wa bima, nikamwona mabega yanatikisika mpaka machozi.

Nikamwendea Refa. "Shikamoo, mzee," nikasema. Ilinitoka kwa shida, lakini ilitoka.

"Marahaba, kijana. Spika zako zina kelele sssana."

"Najua."

Kaka akaomba chai. Mama akamwambia vikombe ni viwili tu, achukue kwenye maboksi yake.

Harusi yao nilifunga mitambo mimi mwenyewe. Ndogo, nyuma ya jiko, watu wachache. Katikati ya wimbo wa kwanza bwana harusi alisimama akanionyesha kadi ya njano, watu wote wakashangilia. Kaka alileta zawadi ya kapeti. Lile lile.

Sasa nikuachie neno, wewe mwenye mzazi anayeishi peke yake. Kabla hujaandaa chumba, kabla hujanunua gundi ya maboksi, kaa asubuhi moja nyuma ya jiko lake usikilize. Halafu muulize, na ukishamuuliza nyamaza ajibu.

Na yule ndege? Yupo. Mama na Refa siku hizi wako nyumba moja, hawana haja ya kupigiana miluzi, lakini kurumbiza hajaambiwa. Kila asubuhi anapanda mperani, anapiga nusu zote mbili, ya mama na ya jino. Refa akisikia, popote alipo, anaacha anachofanya, anachukua chupa ya chai na vikombe, anakwenda kumtafuta mama jikoni.

"Nimesssikia umeniita," anasema.

Mama anajua si yeye aliyeita. Anapokea kikombe.